Likizo ya mashambani Lushoto: mwongozo wa kwenda kupumzika, si kwenda kusalimia

Kwanza tuelewane neno moja. Kwa wengi wetu tunaoishi mjini, kwenda shamba ni kwenda kwetu, na kwenda kwetu si kupumzika. Unashuka kwenye basi na mfuko wa sukari na sabuni za mche. Kesho yake kuna kikao cha mpaka wa shamba la marehemu babu, keshokutwa kuna msiba kwa jirani, na siku ya nne shangazi anakuita pembeni kuzungumzia ada ya mtoto wake. Mwaka mmoja nilichukua likizo ya siku kumi, nikaimaliza hivyo hivyo, nikarudi kazini Dar nikiwa nahitaji likizo nyingine. Kusalimia wazee ni wajibu, wala sishauri mtu aukwepe. Uupe siku zake. Mapumziko nayo yape siku zake, uende mahali ambapo hakuna anayelijua jina la babu yako.

Mimi nilipapata Lushoto, Usambara ya Magharibi, mkoani Tanga. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, umezungukwa na mashamba ya kabichi, karoti, viazi na migomba yaliyopandishwa mlimani ngazi kwa ngazi. Wajerumani waliupa jina la Wilhelmsthal, kwa heshima ya mfalme wao, na wakubwa wao walikuwa wakipanda huko kukimbia joto la pwani. Kwa hiyo tabia ya mtu wa Dar kukimbilia Lushoto ina zaidi ya miaka mia. Tofauti ni kwamba wao walibebwa na wapagazi, sisi tunabanana kwenye basi.

Mwongozo huu ni wa mtu wa kipato cha kawaida, anayetoka Dar, Tanga, Moshi au Mombasa, mwenye siku tano hadi saba na asiyetaka kurudi amechoka.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kwa kuangalia mvua, si kalenda ya ofisi tu

Masika, Machi hadi Mei, usiende. Milima ni mizuri na kijani kinapendeza, lakini barabara za vumbi nje ya mji zinageuka utelezi, udongo huporomoka, na utashinda dirishani ukitazama ukungu. Vuli huanza kunyesha kuelekea Oktoba au Novemba, ila hiyo huwa na vipindi vya jua katikati.

Juni hadi Agosti ni kipupwe. Baridi ya Julai huko si ya mchezo. Usiku unalala na mablanketi mawili, asubuhi ukizungumza mvuke unatoka mdomoni. Wapo wanaoipenda hali hiyo, na mimi ni mmoja wao, lakini mama yangu mkubwa nilimpeleka Julai na mpaka leo ananikumbusha. Mwezi Juni shule nazo zimefungwa, nyumba za wageni hujaa familia.

Kama una uhuru wa kuchagua, chukua Septemba au Januari hadi Februari. Januari ndipo utakapokuta plamsi zimejaa sokoni, na hewa ikiwa safi, mandhari ya mbali yanaonekana vizuri.

Hatua ya 2: Hesabu usiku, usihesabu vivutio

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, na mimi niliharibu vilevile mara ya kwanza. Niliandika orodha: Soni, Irente, Magamba, Mlalo, Mtae, na nikirudi nipitie Amani kule Muheza. Siku nne! Nilichokiona ni ndani ya magari. Tena Amani iko Usambara ya Mashariki, ni safu nyingine kabisa, huwezi kuipitia njiani kama duka.

Kanuni yangu sasa ni usiku usiopungua nne, zote kwenye kitanda kimoja. Siku ya kwenda na siku ya kurudi usizihesabu kama likizo, ni siku za basi. Katika zile zilizobaki, shughuli moja kwa siku inatosha, na siku moja iachwe bila shughuli yoyote. Ukiwa na usiku sita, hapo ndipo unaweza kuhama mara moja, mathalani ukalale Mtae usiku mmoja.

Hatua ya 3: Tafuta malazi kwa kupiga simu na kuuliza maswali ya ovyo

Picha za mtandaoni zinaonyesha bustani. Hazionyeshi spika za baa ya jirani. Amua kwanza kama unalala mjini au nje ya mji. Gesti za mjini ni nafuu, ziko karibu na soko na stendi, lakini alfajiri utasikia mabasi yakipasha injini. Nje kidogo, barabara ya Irente, Magamba au kuelekea Soni, kuna nyumba za wageni zenye utulivu zaidi, baadhi zikiendeshwa na taasisi za dini. Pale Ubiri, kilomita chache kabla ya kufika mjini, masista wana hosteli inayopokea wageni. Usafi wake hauna mjadala, na hutasikia muziki wa usiku. Ukitaka bia, hiyo si nyumba yako.

Ukipiga simu uliza hivi, bila aibu:

Maji ya moto yapo saa ngapi, na yanapashwa kwa umeme au kwa kuni? Umeme ukikatika, inakuwaje? (Wenye tanuri la kuni hawakosi maji ya moto, jambo dogo ambalo Julai ni kubwa.) Kila kitanda kina mablanketi mangapi? Choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, na kiko ndani ya chumba? Kuna baa, ukumbi wa harusi, msikiti au kanisa jirani? Sikatai adhana wala kengele, mimi mwenyewe huamka kwa adhana, ila ni bora ujue kabla kuliko kukasirika saa kumi alfajiri. Mwisho uliza kama wanapika, na kama unatakiwa kuagiza chakula mapema. Sehemu nyingi mpishi hununua kuku baada ya wewe kuagiza. Ukifika mezani saa mbili usiku bila taarifa utakula saa nne.

Jambo jingine ambalo wageni hawalijui ni kwamba Lushoto pana chuo cha mahakama. Pakiwa na semina au mahafali, vyumba vinaadimika mji mzima. Muulize mwenye gesti kabla hujakata tiketi.

Hatua ya 4: Tenga fedha kwa mafungu

Sitaandika bei, kwa sababu zinabadilika na bei ya zamani humfanya mtu agombane bure na konda. Gawa fedha mafungu matano: nauli ya kwenda na kurudi, malazi, chakula, matembezi (mwongoza wageni, viingilio, bodaboda), na fungu la kurudi na mboga. Hilo la mwisho watu hulisahau, kisha wanakopa stendi. Juu yake weka akiba ya siku moja zaidi, kwa sababu mvua ikifunga barabara utalala.

Benki zipo Lushoto mjini. Ukishatoka mjini unategemea wakala wa simu, na wakala wa kijijini anaweza kukosa salio jioni. Beba noti ndogo ndogo. Mama anayeuza magogwe (matunda damu) ya shilingi mia tano hana chenji ya elfu kumi, na kumtaka atafute ni kumtesa. Hifadhi ya msitu hulipiwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, kwa hiyo simu iwe na salio na chaji.

Hatua ya 5: Fungasha kama mtu anayepanda mlima na kushuka pwani siku moja

Utapita Mombo kwenye joto kali na baada ya saa moja na nusu hivi uko kwenye baridi. Sweta isikae kwenye begi la buti ya basi, ikae mapajani. Mengine ni koti la mvua, raba zenye meno (si zile nyeupe za kupigia picha), soksi za kutosha, kofia, tochi, pawabenki, dawa zako za kila siku na za kichefuchefu. Chukua khanga mbili hata kama wewe ni mwanamume. Khanga ni shuka, taulo, kikapu na kilemba. Chandarua uliza kama chumba kinacho. Juu kule mbu ni wachache, lakini usijidanganye kwamba malaria haipandi mlima.

Usibebe chakula. Unakwenda sehemu inayolisha Dar kwa mboga, halafu unabeba nyanya?

Hatua ya 6: Safari yenyewe

Kutoka Dar kuna mabasi ya moja kwa moja mpaka Lushoto yanayoondoka asubuhi. Kituo kikuu cha mikoani ni cha Magufuli, Mbezi. Njia ni Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, kisha unakunja kulia kupanda mlima. Tenga saa saba au nane na usimpigie mtu simu kumwambia utafika saa ngapi kamili. Ukikosa la moja kwa moja, panda basi lolote la Moshi au Arusha, shuka Mombo, utapata kosta au gari dogo la kupanda. Lakini hakikisha unafika Mombo jua bado lipo. Kupanda ule mlima usiku kwenye Noah iliyojazwa watu kumi na moja si mwanzo mzuri wa mapumziko.

Anayetoka Moshi au Arusha anapita Same na Hedaru, anashukia Mombo vilevile. Anayetoka Mombasa anavuka mpaka Lunga Lunga na Horohoro, anafika Tanga, halafu Muheza, Segera, Korogwe, Mombo. Usijaribu kuifanya ya Mombasa kwa siku moja kama una watoto. Lala Tanga, kula samaki, kesho endelea.

Mwenye gari lake anaweza kukwepa foleni za Kibaha kwa kupita Bagamoyo na kutokea Msata. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33 hivi za lami, nyembamba, kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande mwingine. Piga honi kwenye kona zisizoonekana mbele. Wakati wa kushuka, tumia gia ndogo, usikalie breki, maana zikichemka hazikusikilizi. Na lori la kabichi likikujia, mpishe.

Kwa abiria wenye matumbo mepesi, kula kidogo Korogwe, usile tena Mombo. Kaa viti vya mbele, tazama barabara, simu iweke mfukoni. Tafuna tangawizi. Nusu ya njia utapita Soni, ambako maporomoko ya maji yako karibu kabisa na barabara. Watu wakianza kufunga madirisha ya basi, ujue umekaribia.

Hatua ya 7: Siku ya kwanza usifanye kitu

Nasema kweli. Umefika jioni, umelala. Asubuhi kijana atakuja na karatasi ya matembezi, mwambie kesho. Kunywa chai polepole. Kaa nje kwenye jua. Mwili wa mtu wa mjini ukipewa utulivu ghafla hushtuka. Kichwa kinauma, unahisi kuna kitu umesahau, mkono unatafuta simu. Mchana lala. Jioni tembea mpaka sokoni, nunua peasi mbili, rudi.

Kuhusu simu, sikushauri uizime, maana utaiwaza. Fanya hivi: waambie wa kazini na wa nyumbani kwamba utakuwa unapatikana saa moja jioni hadi saa mbili. Magrupu ya michango yaweke kimya kwa wiki. Harusi itafanyika.

Hatua ya 8: Siku za katikati

Irente ndiyo matembezi ya kwanza kwa kila mgeni, na inastahili. Ni kilomita tano au sita kutoka mjini, njia ya vijiji na mashamba, unatembea saa moja na nusu bila haraka. Ondoka saa moja asubuhi, au nenda saa tisa alasiri ili ukute jua linazama, ila hapo panga bodaboda ya kurudi kabla hujaondoka. Mwisho wa njia mlima umekatika kama umepigwa panga, na chini kabisa, umbali unaokaribia kilomita nzima, kuna Mazinde, mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari, barabara kuu ya Moshi uliyojia, na nyika inayokwenda mpaka macho yachoke. Mabasi yanaonekana kama punje. Kaa hapo. Usipige picha tatu na kuondoka kama watu wa semina.

Kabla ya kufika ukingoni kuna shamba la Irente, la kanisa la Kilutheri, wanaouza jibini, mkate mzito mweusi, na jemu. Chakula cha mchana cha pale, chini ya miti, ni sababu ya kutosha ya kukaa kwenye basi kwa muda wa saa nane.

Magamba ni jambo jingine. Huo ni msitu wa asili wenye hifadhi, unalindwa na Wakala wa Huduma za Misitu, na unaingia kwa kulipa na ukiwa na mwongoza wageni. Chukua anayetambulika ofisini, si yule aliyekudaka stendi, na mkubaliane bei, saa na umbali kabla hamjatoka. Ndani kuna mbega weusi kwa weupe, ndege wengi, na vinyonga wenye pembe. Hao vinyonga wana heshima yao. Wanasayansi walipotenga jenasi yao waliiita Kinyongia, neno letu wakaliongezea kijimkia cha Kilatini. Mwambie mwongoza kwamba unataka kwenda taratibu. Wengi wao wamezoea wazungu wanaopanda kama wanafukuzwa.

Siku ya gulio usiikose. Uliza siku yake ni ipi kwenye kijiji kilicho karibu nawe, kwa sababu kila mahali pana zake. Utakuta magogwe, pichi, maparachichi, maharage ya rangi zote, vyungu. Mbinu yangu ni kununua mwisho wa mzunguko, si mwanzo.

Mtae ni kwa mwenye usiku sita. Barabara ya vumbi, kilomita zaidi ya sitini kupitia Lukozi, saa kadhaa za kutikiswa. Kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima na bonde liko pande zote mbili. Chini kuna tambarare za Mkomazi, ng'ambo kuna milima ya Upare. Magari ya kurudi huondoka mapema sana, ulizia jioni kabla hujalala. Kama ni kipindi cha mvua, sahau.

Adabu za wenyeji

Wenyeji ni Wasambaa, na salamu kwao si kitu cha kupita. Ukikutana na mzee njiani, simama, mpe shikamoo, subiri marahaba. Ukijifunza kusema "onga mshi" mchana na "hongea" badala ya asante, utachekwa kwa upendo na huenda ukakaribishwa miwa. Ukikaribishwa kitu, onja. Kaptula fupi waachie wa ufukweni, maana vijiji vingi huku ni vya Kiislamu na hata visivyo vya Kiislamu havijazoea mapaja. Mtu anayelima usimpige picha bila kumwomba. Na usikatize katikati ya matuta. Zile ngazi za udongo ni kazi ya mikono, ukizibomoa kwa raba zako mwenye shamba atazijenga upya Jumatatu.

Ukiwa na watoto au wazee

Watoto wape kazi: kuhesabu vinyonga, kuchuma mboga na mpishi, kukamua ng'ombe mwenyeji akiruhusu. Ukingo wa Irente hauna mzaha, mshike mkono mtoto muda wote. Wazee wenye magoti wafike Irente kwa gari na Magamba waiache. Mwenye pumu au shinikizo la damu azungumze na daktari wake kwanza kuhusu baridi na mwinuko. Na kwa mzee yeyote, omba chumba kisicho na ngazi. Nyumba za mlimani zina ngazi hata kwenda chooni.

Hatua ya 9: Kurudi

Kata tiketi ya kurudi siku moja kabla. Mabasi ya Dar huondoka asubuhi na mapema, usiku huo lala mjini au panga bodaboda ya alfajiri na umlipe nusu. Rudi Jumamosi kama kazi ni Jumatatu. Jumapili ni ya kufua, kulala, na kugawa mboga kwa majirani.

Za kubeba ni karoti, kabichi, vitunguu vya majani, viazi na matunda. Nunua jioni ya mwisho, si siku ya kwanza. Majani ya karoti yakate, yanainyonya maji njiani. Kabichi tatu zinatosha, nimewahi kubeba kumi na mbili na nikazilipia nauli kama abiria. Viazi kwenye kiroba, chini. Parachichi chagua magumu, yataiva kabatini. Plamsi ziweke kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa na uipakate mwenyewe mpaka Mbezi, hata utingo akisema atakusaidia kuiweka kwenye buti.